Namna ya Kuacha Jeshi Bila Kulala Stesheni
Mwongozo kwa askari asiye na mke wala mume anayerudi Sakania

Mwongozo wa kawaida ungeanza na neno moja: oa. Mwenye bibi hupewa chumba, selibateri hupewa maswali. Sisi hatuanzi hapo. Kumwoa binti wa watu ili upate ufunguo ni kumdhulumu, na baba yake bado atakudai mahari ambayo huna.

Ujue, hata hivyo, kwamba ushauri huo ni wa zamani sana Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière ilichoka na wafanyakazi waliokimbia kila mkataba ulipokwisha. Ikaamua kuwashika kwa ndoa: ikajenga kambi za familia, ikawahimiza walete wake zao, hata ikawakopesha wengine mahari. Nyumba ikawa ya mwenye mke, na asiye naye akalala pamoja na wenzake. Kampuni ilififia, lakini fikra ile imebaki kwenye vichwa vya wenye parseli (viwanja vya nyumba) na vya wapangaji wa programu za serikali.

Basi kanuni ya kwanza: anza na hesabu, uifanye ukiwa bado umevaa buti. Programu ya taifa ya Kongo ya kuwaondoa askari jeshini, iliyoendeshwa na tume ya CONADER kuanzia 2004, ilimpa kila demobe (askari aliyeondolewa jeshini) dola 110 siku ya kuondoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Jumla ilikuwa dola 410. Tuseme umepewa malipo kama hayo, nawe umepata chumba cha dola 30 kwa mwezi. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inamkataza bayeri (mwenye nyumba) kudai garanti (amana) inayozidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Hata akiifuata sheria hiyo neno kwa neno, garanti ni dola 90. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza, umefika 120. Malipo ya kuondokea yamekwisha, bado unadaiwa dola kumi, na komisioneri, yaani dalali, amesimama uani akingoja chake. Mwezi unaofuata zinaingia dola 25 na kodi ni 30. Hujanunua unga wala makaa.

Waliopanga malipo hayo walidhani askari ana pa kurudi. Nauli na chakula vilihesabiwa, kwa sababu nyumba ilichukuliwa kuwa ipo: mama yuko jikoni, kaka atasogeza mkeka. Kwa wengi ilikuwa kweli. Lakini mfikirie kadogo, askari mtoto, aliyelifuata jeshi la Laurent-Désiré Kabila mwaka 1997 akiwa na miaka 12. Leo amevuka arobaini. Wazazi walikufa yeye akiwa mbali, parseli iliuzwa na ami, na ndugu waliobaki wanamwogopa kwa mambo waliyosikia kuhusu vita. Huyo ukimpa nauli umempa safari tu.

Kanuni ya pili: usikubali kungoja bila tarehe. Ukiambiwa ukae kambini mpaka mipango ikamilike, uliza chakula ni cha siku ngapi, daktari ni nani, na gari la kuondoka linakuja lini. Maswali haya si utovu wa nidhamu. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu zaidi ya mia moja, wapiganaji waliosalimu amri pamoja na wake na watoto wao, walivyokufa kwa njaa na maradhi katika kambi ya Kotakoli, katika jimbo la Équateur la wakati huo. Walikuwa wametii. Waliweka silaha chini kama walivyoombwa, wakangoja.

Iko njia iliyowahi kumpatia mtu nyumba haraka, nami namsihi kila msomaji asiiguse. Gédéon Kyungu, mkuu wa wanamgambo Katanga, alihukumiwa kifo mwaka 2009 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, akasalimu amri tena Oktoba 2016. Baada ya hapo aliishi Lubumbashi katika nyumba chini ya ulinzi wa serikali, mpaka alipotoroka mwaka 2020. Inaniuma kuandika hivi: nyumba ilipatikana kwa mtu aliyetisha, ikakosekana kwa koplo aliyerudisha bunduki yake kwa utulivu.

Sasa Sakania yenyewe. Mpaka wa Zambia uko karibu, malori yanapita, na mwenye vyumba anaweza kumpangisha dereva usiku mmoja mmoja. Kwa hiyo usitegemee huruma mjini. Nenda kijijini ukaombe pa kujenga. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa serikali, lakini vijijini mlango ni mfumu (chifu) na wazee wake. Usiende peke yako. Tafuta mzee anayejulikana, mwalimu, katekista au mchungaji, akutangulie na aseme jina la babu yako kabla wewe hujafungua kinywa. Usivae hata kipande kimoja cha sare. Ukikubaliwa, omba karatasi yenye sahihi na mashahidi, kwa maana mfumu akifa, neno lake linaweza kuzikwa naye.

Kama wewe ni mwanamke, yote haya yanakuwa mazito mara mbili. Utaulizwa bwana yuko wapi na watoto ni wa nani, na bayeri mwingine atataka malipo yasiyoandikwa kwenye risiti. Tafuta wenzako, mpange wawili au watatu kwenye parseli moja, kila mmoja jina lake kwenye mkataba.

Kwingine tatizo hili limeshughulikiwa mapema: huko Catterick, kaskazini mwa Uingereza, palifunguliwa ofisi iitwayo SPACES ya kuwatafutia vyumba askari wasio na familia kabla hawajavua sare. Hapo ndipo ninapowashika wakubwa wetu. Programu ya serikali ya kuwanyang'anya wapiganaji silaha na kuwarudisha uraiani, P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021, inasema inaijenga jamii inayowapokea wapiganaji. Vema. Basi imlipe bayeri garanti ya miezi mitatu moja kwa moja, kwa jina la mpangaji, na iongeze kodi ya miezi sita. Kwa chumba chetu cha dola 30, hiyo ni dola 270 kwa mtu mmoja.

Nawe unayesubiri kuitwa: siku utakapowekewa fomu mbele yako, kabla ya sahihi, tafuta mstari unaotaja malazi. Ukiukosa, uuandike kwa mkono wako, uombe nakala yenye muhuri.