Namna ya Kusaka Rezista za Amplifaya Bila Kujifunza Chochote

Amplifaya yako ya redio ya ridhaa imenyamaza. Ni Heathkit SB-220, mashine ya Kimarekani ya miaka ya 1970 iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Ndani kuna kapasita 8 zilizopangwa mfululizo, na kila moja ina rezista yake ya omu 30,000, wati 7. Rezista moja imeungua. Fuata hatua hizi, utakwenda Kariakoo na kurudi na kitu. Kitu gani, tutajua ukiwasha.

Hatua ya 1: Usipime. Iliyobabuka imejitaja yenyewe, na saba zilizobaki bado zinang'aa, basi ni nzima. Ukithubutu kung'oa mguu mmoja mmoja na kuweka mita, huenda ukakuta nyingine imeshapanda hadi omu 40,000 na kapasita yake inabeba volti nyingi kuliko wenzake. Asiyeuliza hapati habari mbaya.

Hatua ya 2: Dukani taja namba moja tu. "Kaka, nipe thelathini." Thelathini ya nini, wati ngapi, volti ngapi, hayo ni maswali ya wenye muda. Ukipewa ya omu 30 badala ya 30,000, shukuru. Mashine ina volti kama 3,000, na kapasita zake ni makundi mawili ya nne nne, kila kundi volti 1,500. Kapasita yenye rezista yako mpya itakaa karibu bila volti, na tatu zilizobaki kwenye kundi lake zitagawana mzigo: volti 500 kila moja, wakati zimeandikwa 450. Zitavimba kwa fahari.

Hatua ya 3: Nunua kwa jicho. Ile nyeupe ya saruji, nene kama kidole gumba, ndiyo yenye heshima. "Hii inabeba hata mtambo, mkuu," utaambiwa, na mkuu habishi. Ubavuni imeandikwa 10W3KJ. Herufi J inasema inaweza kupishana kwa asilimia 5 juu au chini. Sifuri iliyopungua haimo kwenye hiyo asilimia, lakini nani anahesabu sifuri?

Aina hiyo huwa ni waya uliozungushwa, yaani koili. Kwenye umeme wa DC haina neno. Kuipachika kwenye njia ya mawimbi ya redio ni kuongeza koili ambayo mchoro haukuiomba.

Hatua ya 4: Wakwepe wazee wa redio. Mmoja atakukalisha kitako na kukufanyia hesabu: volti 375 kwenye omu 30,000 ni joto la wati 4.7, mara nane ni zaidi ya wati 37 zinazopika kapasita kutwa. Atakushauri ubadilishe zote 8, uweke za oksidi ya metali za omu 100,000, wati 3, zinazohimili angalau volti 500. Joto litashuka hadi wati 1.4 kila moja. Ubaya wa ushauri huu ni kwamba hizo zinapatikana kirahisi. Msako wa wiki nzima utaisha saa nne asubuhi, na utakosa cha kusimulia hewani.

Hatua ya 5: Hapa tuache utani. Rezista hizi ndizo zinazomwaga umeme uliobaki kwenye kapasita ukizima. Kwa omu 30,000 inachukua kama nusu dakika. Kwa 100,000 ni zaidi ya dakika moja na nusu. Iliyokatika haimwagi kitu. Chomoa plagi ukutani, subiri, pima kwa mita inayohimili volti hizo, kisha unganisha kapasita na bodi ya mashine kwa fimbo yenye mpini usiopitisha umeme. Volti 3,000 hazina msamaha.

Hatua ya 6: Mashine ikishapona kwa sababu mzee alikushinda ukabadilisha zote, usitupe zile saba za zamani. Zifute vumbi, nyoosha miguu yake, mpelekee muuzaji wako. Wiki ijayo atakuja mwenzako kuulizia thelathini, naye ataambiwa ni orijino kutoka Marekani, jambo ambalo, kwa mara ya kwanza dukani hapo, litakuwa kweli.