Paji la Uso

Jana mkurugenzi wa kampuni moja ya matangazo aliinua simu yake katikati ya usaili, akanielekezea kioo kama refa anayetoa kadi. "Mdogo wangu, hii ndiyo tovuti ya kazi zako?"

Kiduara kilikuwa kinazunguka. Kilizunguka tukazungumzia joto la Dar, kikazunguka tukaimaliza foleni ya Mwenge, afisa utumishi akamaliza chupa yake ya maji. Mwishowe bango langu la tamasha likaanza kushuka: kilemba cha mwanamke, paji la uso, basi. Macho hayakufika. Simu ikalia, ujumbe ukasema bando limekwisha. "Yaani nimenunua bando nione paji la uso," alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua.

Ngoja nieleze jinsi picha inavyobanwa na kufunguka, maana jambo lenyewe ni tamu. Picha ya nukta 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12, na kila nukta hula baiti tatu: nyekundu, kijani, bluu. Hizo ni megabaiti 36 kabla ya kubanwa. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, hubana kwa kutuvizia kwenye udhaifu wetu: jicho la binadamu ni kali kwa mwanga na giza, ila kwa rangi ni zembe, kwa hiyo habari nyingi za rangi hutupwa na hakuna anayeziulizia. Kisha picha hukatwa viraka vya nukta 8 kwa 8, na kila kiraka hunyang'anywa vijambo vidogo ambavyo jicho lisingevigundua. Hata kufunguka kuna aina mbili. Moja hushuka mstari kwa mstari, na yangu ilikuwa hiyo. Nyingine huleta picha nzima yenye ukungu, halafu ikatakata taratibu. Kwa aina hiyo bosi angemwona mwanamke mzima ndani ya ukungu, pengine akausifu mtindo.

Mwajiri mwingine alibonyeza "Wasiliana nami", akatua kwa binamu yangu anayeuza mitumba, akaagiza suruali.

Mwingine aliuliza kama natengeneza kadi za mchango.

Hao afadhali. Kuna waliotaka "kazi ya majaribio": nembo kamili, bure, haraka. Nikakesha, nikatuma, wakanyamaza. Siku moja nipo kituoni Ubungo, gari lao likapita na nembo yangu ubavuni, hadi ule mkia wa herufi niliouchora kwa mkono. Walichobadili ni rangi ya kijani tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapobuniwa, bila hata kuisajili. Wakili naye anataka chake kwanza, na mimi ndiyo kwanza natafuta ajira.

Nembo ile ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, na kwenye tovuti siwezi kuiweka. Atakayeiona atasema nimewaibia wenye gari.