Samaki Baridi

Kitabu cha kujiandaa kwa KCSE kinamfundisha mtoto wa Dunga, Kisumu, kwamba “samaki baridi”, kwa Kiingereza, ni mtu asiye na hisia. Haya. Mamake, muuza ngege hapo ufukweni, hulipia barafu kila kukicha ili samaki wake wawe baridi. Siku barafu ikiisha, hisia zote huwa za wateja.

Tena jambo “linalonuka samaki” ni jambo lenye hila. Basi kutoka Dunga hadi soko la Jubilee sote tuna kesi ya kujibu. Na anayetaka kusifiwa, ati “anavua sifa”: bila boti, bila nyavu, bila kuamka saa tisa usiku!

Mbuta, samaki mgeni, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawameza fulu wa asili. Kiingereza kilitangulia, kikashuka na reli hapa mwaka 1901, nacho hakijashiba.

Juzi binti mmoja aliwaza kwa Kiingereza, akaongea kwa Kiswahili: “Mama, leo shuleni nimevunjika chini.”

Mama akaweka kisu. “Pole, nyathina. Nikuitie daktari ama fundi?”