Kinachowasha si Pilipili

Mimi ni mtoto wa Pangani, tena wa nyumba isiyo na binti. Kazi ya kukuna nazi iliniangukia mimi, na hadi namaliza darasa la saba nilikuwa nimekalia mbuzi saa nyingi kuliko nilivyokalia dawati. Ukitaka tujadiliane siasa au mpira, nitakusikiliza. Tui usinifundishe.

Kiburi hicho nilisafiri nacho hadi Dubai, kwenye chumba cha wanaume sita pale Deira. Kwenye kitanda cha chini yangu analala Mfilipino wa Albay, mkoa wa Bicol, kule ambako volkano ya Mayon imesimama kama pia iliyopinduliwa. Kwao kaka mkubwa huitwa Manoy, nasi sote twamwita hivyo, hata Mpakistani anayemzidi umri.

Watu wa Bicol hawana utani na nazi wala pilipili. Wana mchuzi wa nguruwe wa tui uitwao Bicol Express, jina la treni iliyokuwa ikitoka Manila kwenda kwao. (Sisi tungeuita mchuzi Reli ya Tanga, ungefika mezani umechacha.) Lakini kilichoniponza mimi ni laing: majani ya magimbi yaliyokaushwa, yakapikwa kwa tui, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili ndogo waitazo labuyo, ndugu wa pilipili kichaa. Kwa kunistahi mimi Mwislamu, Manoy huacha nguruwe akatia dagaa. Siku nilipomwona akitanguliza tui jepesi na kulitunza hadi mwisho lile zito, ambalo wao huliita kakang gata, nilipiga ukelele: kwetu hilo ni kasimile! Nikajua huyu ni ndugu, tulipoteana baharini tu.

Basi siku moja Manoy yuko zamu, mimi nimepumzika, nikaamua arudi akute laing yangu. Nikafungua makopo mawili ya tui. (Mama, ukisomewa haya, nilikuna.) Majani makavu yalikuwa kabatini kwake, chini ya kufuli, kwa hiyo nikaenda duka la Wahindi, ambao huyapaka majani mabichi ya magimbi unga wa dengu wakayakunja. Nikachukua mafungu matatu. Makavu, mabichi, jani ni jani.

Kuyakata tu, mikono ikaanza kuniwasha. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashia nini; mimi hata pilipili yenyewe nilikuwa sijaigusa.

Manoy ana sharti moja analolirudia kama adhana: majani yakishaingia kwenye tui, usikoroge mpaka yaive. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi, na kila mara nikimwonea huruma. Kwetu tui likianza kuchemka huliachi hata kidogo. Unakoroga, unachota kwa upawa, unamimina tena, ili lisikatike. Mafuta yakielea juu, mpishi ameumbuka, na majirani watajua. Nikakoroga kama nasonga ugali wa msiba. Baada ya dakika 20 majani yamelegea, tui limetulia kama hariri, hakuna hata tone la mafuta. Nikaepua.

Mpakistani alipiga tonge la kwanza, macho yakamtoka. “Kali!” Nikafurahi. Unajua, Kiswahili chetu kina hila: pilipili huwasha, na upupu huwasha. Neno ni hilo hilo. Ndiyo maana kwa dakika mbili nzima nilijisifu kwamba chakula kinawasha vizuri.

Kisha koo likabadilika. Hapakuwa na moto. Palikuwa na sindano. Nilitaka kujikuna mahali ambapo kidole hakifiki. Tulikunywa maji, tukanyonya ndimu, mmoja akawa anajikuna shingo kwa nje, akitumaini ujumbe utafika ndani. Mwenzetu mmoja wa Kerala, aliyekulia kwenye magimbi na minazi kama mimi, aliitua sahani yake polepole akaniuliza: “Kaka, mabichi haya?”

Ni sindano kweli, nimekuja kuelewa. Ndani ya majani ya magimbi mna fuwele nyembamba za kalisi oksalati zinazochoma koo, na kinachoyatuliza ni kukaushwa, kisha moto wa muda mrefu. Hilo la kukoroga wapo wanaosema ni imani tu. Mimi sibishani tena.

Manoy alirudi, akafunua sufuria, hakuonja. Akauliza neno moja: “Umekoroga?” Sikujibu, sauti yenyewe ilikuwa imekauka. Akaongeza tui, akapunguza moto, akanipokonya mwiko, kisha akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko, mwiko mapajani kama askari na bunduki. Saa moja na nusu. Mwishowe nikachungulia, nikashtuka: mafuta yametanda juu, yanang'aa.

“Manoy,” nikamnong'oneza, maana aibu ya mtu huifichi kwa sauti kubwa, “tui limekatika.”

“Sasa ndiyo limeiva,” akasema. Kumbe ndiyo mafuta aliyokuwa akiyangoja muda wote.

Tulikula. Iliwasha, lakini pilipili tu, na nilirudia mara mbili. Nikaipiga picha sufuria ile nikamtumia mama Pangani, nikimwambia hiki ndicho chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula ugenini. Akanijibu kwa sauti: “Tui limekatika hilo, baba. Usimlishe mtu.”

Mwiko wangu Manoy hajanirudishia. Uko kabatini mwake, pamoja na majani makavu, chini ya kufuli.