Boti Iliyokunywa Maji ya Mkokoteni

Mjomba wangu alipoivuta boti yake kwa trela kutoka Bwawa la Masinga na kuiegesha uani mjini Machakos, wapita njia waliiangalia, kisha wakatazama juu kutafuta mawingu. Ilikuwa Septemba. Hapakuwa na wingu.

Ni boti ya faiba, zamani ya buluu. Jua lilikuwa limelila lile tabaka la juu, jelikoti, hadi ukiigusa kiganja kinatoka cheupe kama cha mwalimu wa hesabu. Dawa yake inajulikana: msasa wa maji, namba 800, halafu 1,000, hadi 2,000, kisha kompaundi kwa mashine, mwisho nta. Shida ni hayo maji. Msasa mkavu unazibwa na unga na kukwaruza, na mifereji yetu wiki ile ilipiga miluzi tu. Tukanunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi.

"Mzee," muuza maji akauliza kwa adabu, "kule Masinga si ndiko kuna maji?"

Kweli, Masinga ni kilomita za mraba 120 hivi za maji likijaa. Mjomba akalipa bila kujibu.

Fundi alitoka gereji ya matatu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tunachora mwanasoka au mhubiri. Mkono alikuwa nao, lakini simu ikalia, naye akaipokea, mashine ikiwa bado inazunguka pale pale. Jelikoti haifiki hata milimita moja unene. Ikasalia alama ya kahawia, umbo la ndizi. Fundi akainama, akaichunguza.

"Mzee, hapa ndipo pa kuandika jina."

Nta nayo haipakwi juani, na kivuli cha kuitosha boti kilikuwa kimoja tu: mwembe. Tukaisukuma huko. Ndege wa mwembe ule, ambao sijui walikuwa wamekula nini, waliona tumewaletea choo kipya. Mitungi mingine ikaitwa.

Hatimaye iling'aa. Mama wa jirani alijitengeneza kilemba mbele ya ubavu wa boti, akaridhika, kisha akachungulia ndani.

"Jirani, mvua ya Oktoba ikija, humu si mnaingia mitungi mingi?"

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Asubuhi nilimkuta amelala chali chini ya boti, akijaribu kizibo kwenye tundu la kutolea maji.