Gari la Nyuma

Kufuata gari kwa karibu mno ni kuendesha huku mbele yako umeacha nafasi isiyotosha kusimama ikiwa wa mbele atasimama. Hiyo ni tafsiri ya vitabuni. Katika komini ya Kikula, mjini Likasi, eneo la Katanga nchini Kongo, ipo tafsiri nyingine, nayo ni rahisi kukumbuka: dereva akitazama kioo cha kati asione tena gari, aone herufi tu za jina la kiwanda, tena zimegeuka kinyume, basi amefuatwa.

Jambo hili lina mizizi katika ramani. Likasi, ambayo hadi mwaka 1966 iliitwa Jadotville, iko kwenye barabara ya taifa namba 1, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lubumbashi na 180 hivi kutoka Kolwezi. Shaba na kobalti ya Kolwezi na Fungurume hushuka kwa njia hiyo hadi mpakani Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha bandari za Dar es Salaam na Durban. Kwa njia hiyohiyo hupanda mafuta, chokaa na asidi ya salfa. Lori moja huweza kubeba tani 30 za mzigo. Lami hiyo haikuachiwa malori peke yake: kuna Hiace za abiria, kuna motari, yaani waendesha pikipiki, wenye abiria wawili na mbuzi, na kuna wauza makala, yaani makaa, ambao hawaendeshi baiskeli zao bali huzisukuma, magunia matatu au manne yakiwa yamefungwa juu ya kila moja kama nyumba ndogo inayohama. Penye mlima, msafara mzima wa shaba ya dunia hutembea kwa mwendo wa yule mtu mmoja na sandali zake.

Hesabu yake si ngumu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Dereva mwenye macho mazima huchukua kama sekunde moja kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari halijui habari yoyote, linaendelea na safari. Breki zikishakamata, umbali wa kusimama haukui sawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, umbali huo huwa mara nne. Lori lenye breki za upepo huchelewa kidogo zaidi, kwa kuwa upepo nao lazima usafiri kwenye mipira hadi magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana walimu wa udereva katika nchi nyingi husema iachwe nafasi ya sekunde mbili, na zaidi kama lami imelowa. Gari la mbele likipita kwenye mti, mwenye kufuata aseme bila haraka, “Kambove, Fungurume, Kolwezi”. Kama amefika kwenye mti kabla ya kufika Kolwezi, yuko karibu mno. Wengi hawafiki hata Fungurume.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara unaagiza anayefuata aache umbali wa kutosha kuepuka kugonga ikiwa wa mbele atapunguza mwendo au kusimama ghafla. Hautaji mita. Neno “kutosha” limeachiwa dhamiri ya dereva, na dhamiri ya dereva aliyechelewa kufika mpakani haina mita nyingi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba watu wa Kikula hawajui umbali. Wanaujua vizuri sana, ila wanauita jina lingine: nafasi. Dereva mstaarabu anapoacha mita 40 mbele yake, kwa macho ya wengine hajaacha usalama, ameacha kiwanja. Motari wa kwanza anaingia. Wa pili anaingia akimfuata wa kwanza. Hiace inaingiza pua, kijana wa mlangoni anapiga bati mara mbili kushukuru, na mstaarabu anarudi nyuma kutafuta mita zake 40 upya. Akirudia hivyo mara tano, atafika Lubumbashi kesho. Wakati huohuo aliye nyuma yake, ambaye ameshuhudia ukarimu huo wote, amekwisha kuweka kiganja juu ya honi na hakiondoi.

Kuna msimu mmoja tu ambapo umbali huheshimiwa bila askari wala kitabu. Kati ya Mei na Septemba mvua hukata, na barabara za ndani za Kikula, nyingi zikiwa za udongo, hugeuka unga mwekundu. Hapo anayefuata kwa karibu haoni, anakohoa, na shati lake la Jumapili linabadilika rangi kabla ya ibada. Madereva wote huachiana nafasi ambayo mkaguzi wa Ulaya angeipima na kuisifu. Mvua ya kwanza ikinyesha, vumbi likilala, heshima nayo inalala.

Sehemu ngumu zaidi ya somo hili ni usukani. Nchini Kongo magari hupita mkono wa kuume. Lakini magari mengi ya Katanga ni ya mitumba ya Japani, yaliyopitia Dar es Salaam, nayo yana usukani kuliani. Dereva basi hukaa upande wa majani, mbali na mstari wa katikati. Akitaka kulipita lori, anachokiona ni tairi la lori. Dawa yake ingekuwa kubaki nyuma sana ili aone mbali. Wengi hufanya kinyume: hulisogelea lori mpaka wanalinusa, kisha huazima macho ya aliyeketi kushoto. Kazi hiyo haina leseni. Hupewa mke, mtoto wa shule, au mgeni.

Shangazi mmoja wa Kikula aliwahi kukabidhiwa kazi hiyo akirudi msibani, mpwa wake akiwa ameganda nyuma ya lori la chokaa kwa nusu saa.

“Tantini, njia iko wazi?”

“Iko wazi, baba. Kuko kagari kamoja tu.”

Lazima ifahamike kwamba Kiswahili cha Katanga hupenda ka- kwa kila kitu. Kahawa ya lita nzima ni kakahawa, deni la miaka mitatu ni kadeni. Ni adabu, si kipimo. Mpwa akatoa gari, akakakuta kale kagari: lori la kichwa kirefu na trela lake, taa zote zikiwaka mchana kweupe. Alirudi mahali pake kwa kasi hata kapu la nyanya lililokuwa nyuma likahamia mbele. Shangazi akafuta nyanya kwenye kitambaa chake cha kichwa, akasema tu kwamba hakupenda kumwogopesha mtoto.

Taa za kugeukia nazo zimezaa mtihani wake. Katika nchi zinazopita kushoto, kama Tanzania na Zambia, dereva wa lori mwenye huruma humwashia aliye nyuma taa ya kushoto kumwambia apite, na ya kulia kumwambia atulie. Akivuka Kasumbalesa, barabara inageuka upande, na maana ya taa inapaswa kugeuka pia. Mkono wa mtu aliyezoea miaka 20 haugeuki kwa siku moja. Aliye nyuma, hasa akiona namba za kigeni, hukaa akijiuliza kama ameitwa, amekatazwa, au lori linataka tu kukunja kushoto kwenda kununua mahindi. Hapo wanaosoma taa kwa makini hubaki nyuma hadi mjini. Wasiozisoma hupita, na kwa bahati isiyoelezeka hufika.

Lakini kilele cha fani hii hakiko Katanga. Kiko Burundi, kwenye mlima unaopanda kutoka Bujumbura, ambako waendesha baiskeli hushika makalio ya malori kwa mkono na kuvutwa hadi juu. Umbali wao na gari la mbele ni urefu wa mkono ulionyooshwa, wakati mwingine chini ya hapo. Mwanafunzi wa Kikula anayejivunia kubana gari la mbele afahamu kwamba bado yuko darasa la kwanza.

Kwa anayefuatwa, njia zinazotajwa ni chache. Kukanyaga breki kidogo ili taa za nyuma ziwake, kumtisha aliye nyuma, ni ujinga: lori halitishiki, na hapa ndipo utani unapokoma, kwa kuwa matangi ya asidi nayo yamo njiani. Kuongeza mwendo hakusaidii, naye huongeza. Kupunguza polepole hufaa penye njia iliyonyooka. Iliyo bora ni kutoka pembeni na kumwacha apite.

Tatizo la kutoka pembeni ni aibu. Mwalimu mmoja wa Kikula, mwenye Corolla kuukuu, alikuwa akirudi kutoka Lubumbashi msimu wa mvua, nyuma yake lori lenye namba za Tanzania. Alipotoka mara ya kwanza, mama muuza uyoga alisimama na beseni, akitabasamu. Mwalimu hakuweza kusema kwamba amesimama kwa woga. Akanunua. Aliporudi barabarani, lori jingine lilimkalia mgongoni, akatoka tena, penye makala. Kisha maboga. Kisha jogoo. Kabla ya kukunja kwenda Kikula alilikuta lile lori la kwanza limesimama kandokando, dereva wake akipoza tairi kwa maji ya chupa. Aliitazama Corolla iliyokaa chini kwa uzito, gunia likichungulia kwenye buti.

“Shikamoo mzee. Makaa hayo unauzaje?”

Mwalimu akafikiri kidogo, akataja bei yenye faida.