Theluji ya Dirisha Namba Tatu

Tuwe waungwana, tumpongeze karani wetu. Desemba hii ya Dar es Salaam, nyuzi 32, feni imegoma tangu Idi, yeye katuletea theluji ofisini. Kwenye kioo cha kompyuta misonobari imeinama kwa barafu, kulungu wanavuta mkokoteni angani, hata kishale kimevalishwa kofia nyekundu. Wenzetu hupanda Kilimanjaro mita 5,895 kuifuata baridi hiyo. Sisi tunaipata bure, tumesimama tu kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Faili langu? Jamani, tusiwe na pupa. Kompyuta ileile inayohitaji dakika kumi kulitafuta jina la mtu, theluji inaidondosha chembe kwa chembe bila kukwama. Na Pasaka nayo haiko mbali: nasikia sungura wameshapakuliwa.